Mifupa Mepesi Kuvunjika: Fuvu, Shingo na Maswali ya Kuuliza Kabla ya Kulipia Huduma

(Mada iliyotolewa katika mkutano wa elimu kwa watumiaji wa huduma na bidhaa)



Kazi yetu ya kila siku ni kumlinda anayenunua. Tunaangalia kinachouzwa, kinachoahidiwa, na kama aliyelipa amepata alichoahidiwa bila kudhurika. Leo tunazungumzia ugonjwa ambao kwa mtazamo wa kwanza ni wa hospitalini tu, wala hauhusiani na soko. Ni ugonjwa wa mifupa mepesi kuvunjika, ambao wataalamu huuita osteojenesisi impafekta, na ambao baadhi ya watu huuita ugonjwa wa mifupa ya kioo.

Tumeuchagua kwa sababu moja. Wengi wanaoufahamu ugonjwa huu wanajua kwamba mwenye nao huvunjika mikono na miguu kwa urahisi. Wachache wanajua kwamba ugonjwa huohuo huweza kubadili umbo la fuvu na la sehemu ya juu ya shingo, polepole, bila mfupa wowote kuvunjika na mara nyingi bila maumivu mwanzoni. Na shingo ni sehemu ya mwili tunayoikabidhi kwa watu wengi wanaotoza fedha: kinyozi, msusi, mkandaji, mganga, daktari wa meno, mtaalamu wa usingizi. Kwa hiyo ujumbe wetu leo ni huu: mwenye ugonjwa huu, au mzazi wake, aseme na aulize kabla shingo haijaguswa.

Ugonjwa huu ni nini

Mfupa si chokaa tupu. Ndani yake mna nyuzi za protini iitwayo kolajeni, na madini ya kalisi hushikana na nyuzi hizo kama saruji inavyoshikana na nondo. Saruji bila nondo ni ngumu, lakini hupasuka. Katika ugonjwa huu kasoro iko kwenye nondo. Mwili hutengeneza kolajeni pungufu, au huitengeneza ikiwa na hitilafu, kwa sababu ya mabadiliko katika vinasaba. Kwa wagonjwa walio wengi, mabadiliko hayo huwa katika moja ya jeni mbili zinazoongoza utengenezaji wa kolajeni ya mifupa.

Hukadiriwa kwamba huzaliwa mtoto mmoja mwenye ugonjwa huu kati ya watoto 15,000 hadi 20,000. Mzazi mwenye aina ya kawaida ya ugonjwa huu ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kumrithisha kila mtoto anayemzaa. Vilevile mtoto huweza kuzaliwa nao ilhali baba na mama hawana, kwa kuwa badiliko la jeni limeanza kwake. Hakuna laana wala kosa la mama katika jambo hili, na yeyote anayeuza huduma ya kuondoa laana hiyo anauza kitu ambacho hakipo.

Mwaka 1979, daktari David Sillence na wenzake nchini Australia waliugawa ugonjwa huu katika aina nne, na mgawanyo huo ungali msingi wa lugha ya madaktari hadi leo, ingawa aina nyingine zimeongezwa. Aina ya kwanza ndiyo nyepesi. Aina ya pili ni kali mno, na watoto wengi hufariki kabla au mara baada ya kuzaliwa. Aina ya tatu ni kali na hupindisha mifupa kadiri mtoto anavyokua. Aina ya nne iko katikati. Dalili za nje ni pamoja na weupe wa jicho kuwa na rangi ya samawati, meno kuwa dhaifu na yenye rangi ya kijivu au kahawia, kimo kifupi, na kupungua kwa usikivu ukubwani. Si kila mgonjwa huwa na dalili zote.

Kichwa kinavyokaa juu ya shingo

Ili tuelewe hatari, kwanza tutazame mwili ulio mzima. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa takriban kilo 5. Mzigo huo wote hukaa juu ya pingili saba za shingo, na mbili za juu ndizo zenye kazi ya pekee.

Pingili ya kwanza ni kama pete. Fuvu hukalia pete hiyo, na hapo ndipo kichwa huinamia mbele na kuinukia nyuma tunapoashiria ndiyo. Pingili ya pili ina kijiti kilichosimama wima, ambacho wataalamu hukiita jino kwa sababu ya umbo lake. Jino hilo hupenya ndani ya pete ya pingili ya kwanza, na pete huzunguka juu yake tunapotikisa kichwa kuashiria hapana. Takriban nusu ya mzunguko wote wa shingo hutokea katika kiungo hicho kimoja.

Chini ya fuvu, juu kidogo ya jino, kuna tundu kubwa. Ubongo unapoishia, shina lake hupita katika tundu hilo na kuendelea chini ndani ya uti wa mgongo likiwa ni kamba kuu ya fahamu. Kupumua, kumeza, mapigo ya moyo, nguvu za mikono na miguu, vyote hutegemea amri zinazopita mahali hapo. Ni njia nyembamba, na haina nafasi ya kuazima.

Fuvu hubadilikaje

Mtoto mwenye ugonjwa huu huweza kuzaliwa na fuvu laini, na utosi wake huchelewa kufunga. Kichwa huweza kuonekana kikubwa kikilinganishwa na mwili, paji la uso likawa pana, na uso ukachukua umbo la pembetatu. Kisogo huweza kuwa bapa.

Kwenye picha ya eksirei, daktari huweza kuona vifupa vidogo vya ziada katikati ya maungio ya fuvu, vilivyopangika kama vigae vya sakafu. Vifupa hivyo vimepewa jina la Ole Worm, tabibu wa Denmark wa karne ya 17. Mtu asiye na ugonjwa wowote huweza kuwa na vichache. Vikiwa kumi au zaidi, vikubwa na vilivyopangika hivyo, humsaidia daktari kuushuku ugonjwa huu. Jambo hili lina uzito pia katika haki. Mtoto anayevunjika mara kwa mara huweza kuwatia wazazi wake katika tuhuma za kumpiga, na uchunguzi kamili, fuvu likiwemo, huweza kuonyesha kama chanzo ni mifupa yake.

Msingi wa fuvu unapozama

Sasa tufike kwenye kiini cha mada. Fikirieni nyumba ya msonge yenye nguzo moja ya katikati. Mihimili ya paa ikiwa dhaifu, miaka ikipita paa huanza kulala. Nguzo haijarefuka hata kidogo, lakini ncha yake huonekana ikipanda ndani ya paa, kwa kuwa paa limeshuka na kuizunguka.

Ndivyo inavyokuwa kwa baadhi ya wagonjwa. Msingi wa fuvu ni laini, na uzito wa kichwa huukandamiza juu ya shingo siku baada ya siku. Kwanza pembe ya msingi huo hulala na kuwa bapa. Kisha kingo za lile tundu kubwa huzama kwa ndani. Mwishowe ncha ya jino la pingili ya pili huingia ndani ya tundu, mahali palipotengwa kwa ajili ya shina la ubongo, na kuanza kulikandamiza. Maji yanayouzunguka ubongo nayo huweza kuzuiwa njia yake na kujaa ndani ya kichwa.

Hali hii haimpati kila mgonjwa. Huonekana zaidi kwa wenye aina kali, hususan ya tatu na ya nne, na huweza kuendelea kuongezeka kwa miaka mingi. Wapo ambao picha zao zinaonyesha mabadiliko na hawana dalili yoyote. Hapo ndipo penye hatari kwa mnunuzi wa huduma: mtu anaweza kuketi kwenye kiti cha kinyozi akijiona mzima, ilhali nafasi iliyobaki kati ya jino na shina la ubongo wake ni ndogo mno.

Dalili za kutopuuza

Mwenye ugonjwa huu amwone daktari bila kuchelewa akipata mojawapo ya haya:

1. Maumivu ya kisogo au ya kichwa yanayozidi anapokohoa, kupiga chafya au kujikamua.
2. Maumivu ya shingo yasiyoisha, au kichwa kuanza kukaa upande.
3. Ganzi, udhaifu au kutetemeka kwa mikono, vitu kumponyoka, mwandiko kubadilika.
4. Kuyumba anapotembea, au mtoto aliyekuwa akitembea kuanza kukataa kutembea.
5. Macho kuchezacheza yenyewe, au kuona vitu viwiliviwili.
6. Maumivu makali ya ghafla usoni.

Akipaliwa mara kwa mara anapokula, akikatika pumzi usingizini, akipoteza uwezo wa kuzuia mkojo, au akiishiwa nguvu ghafla mikononi na miguuni, apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Kupungua kwa usikivu peke yake mara nyingi hutokana na sikio lenyewe, lakini hakumwondolei mtu haja ya kupimwa.

Huduma zinazohusu kichwa na shingo

Kinyozi. Katika saluni nyingi za mitaani, baada ya kunyoa, mteja hukandwa kichwa na mabega, kisha kinyozi hushika kidevu kwa mkono mmoja na kisogo kwa mwingine, na kuzungusha shingo kwa ghafla hadi ilie. Wateja wengi huiona kama zawadi. Kwa mwenye mifupa mepesi kuvunjika, zawadi hiyo ikataliwe kabisa. Hata kwa mtu mwenye mifupa imara, mzunguko wa ghafla wa namna hiyo umewahi, japo kwa nadra, kuchana mishipa ya damu ya shingo na kusababisha kiharusi. Semeni kabla ya kuketi: "Ninyoe tu, shingo yangu usiiguse." Anayelipa ana haki ya kuchagua huduma anayoitaka.

Msusi. Beseni la kuoshea nywele hulazimisha shingo kupinda nyuma kwa dakika nyingi. Ombeni kuoshwa mkiwa mmeinama kidogo mbele, au mje nywele zikiwa zimeshaoshwa nyumbani. Kuvuta nywele kwa nguvu wakati wa kusuka nako ni kuvuta shingo.

Wakandaji na waunga mifupa. Kukandwa kwa upole sehemu nyingine za mwili ni jambo la kushauriana na daktari au mtaalamu wa fiziotherapia anayeujua ugonjwa huu. Kunyoosha shingo, kuivuta au kuizungusha kwa nguvu hakufai kabisa, hata kama mtoa huduma ana uzoefu wa miaka mingi. Uzoefu wake ni wa mifupa ya watu wengine.

Mtoto mchanga. Desturi ya kumkanda mtoto kichwa ili kiwe duara, kumnyoosha shingo au kumrusha juu zimezoeleka katika familia nyingi. Mtoto mwenye ugonjwa huu asifanyiwe hivyo. Abebwe kwa viganja vilivyotandazwa, mmoja chini ya makalio na mwingine chini ya kichwa na mabega. Asiinuliwe kwa kushikwa kwapani, wala miguu yake isivutwe juu anapobadilishwa nepi. Mama mkwe, dada wa kazi na mlezi wa kituo cha watoto waelezwe mapema, kwa heshima na kwa uwazi.

Mizigo kichwani. Ndoo ya maji ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, yaani mara nne ya kichwa chenyewe, na mzigo huo hukandamiza fuvu moja kwa moja juu ya shingo. Ngata hulinda ngozi ya kichwa, haipunguzi uzito. Mtoto mwenye ugonjwa huu asibebeshwe maji, kuni wala mfuko wa shule kichwani. Tunajua kwamba katika kaya nyingi kuchota maji ni kazi ya watoto, na hatusemi jambo hili kwa wepesi. Apewe kazi nyingine ya kaya, na walimu waelezwe.

Hospitali na kliniki ya meno. Hata hapa, semeni. Mgonjwa anapopewa dawa ya usingizi, mtaalamu huinamisha kichwa nyuma ili kuingiza mpira wa kupumulia. Anayejua mapema kwamba shingo ni dhaifu hufanya maandalizi na kutumia njia nyingine. Daktari wa meno naye huhitaji kujua kabla ya kulaza kiti na kuvuta jino. Tunashauri kila mgonjwa awe na kadi ndogo yenye jina la ugonjwa, aina yake, na maneno haya: "Usivute wala kuzungusha shingo."

Vipimo: ulipie nini, uulize nini

Eksirei ya upande wa fuvu na shingo ndiyo huwa mwanzo, na gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na vipimo vingine. Siti skani huonyesha mifupa kwa undani. MRI huonyesha ubongo na kamba ya fahamu, na kama vimekandamizwa. Nayo haitumii mionzi kama ile ya eksirei. Si lazima kila mtu alipie vyote vitatu. Kabla ya kulipa, ulizeni maswali haya:

– Kipimo hiki kitajibu swali gani ambalo kilichotangulia hakikujibu?
– Je, ncha ya jino la pingili ya pili iko chini ya mstari unaounganisha kingo mbili za tundu la fuvu, au imeuvuka?
– Je, kuna mabadiliko tukilinganisha na picha ya zamani?
– Kipimo kirudiwe lini?

Swali la tatu haliwezi kujibiwa kama picha ya zamani haipo. Kwa hiyo ombeni nakala ya kila picha na ya ripoti yake, mzitunze pamoja mahali pakavu, na mwende nazo kila mnapohudhuria kliniki. Picha moja huonyesha hali ya leo. Picha mbili zilizopishana miaka huonyesha mwelekeo.

Mgandamizo ukithibitika, matibabu huamuliwa na madaktari bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu. Wengine hufuatiliwa tu, wengine huvalishwa kishikizo cha shingo, na wengine hufanyiwa upasuaji wa kupunguza mgandamizo na kuunganisha fuvu na pingili za juu kwa vyuma. Hapa Tanzania, Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) ni miongoni mwa zinazotoa huduma za upasuaji wa mifupa, ubongo na mishipa ya fahamu. Kishikizo cha shingo kisinunuliwe dukani kwa kukadiria. Kisichomtosha mtu huweza kumwumiza.

Dawa na virutubisho

Hadi leo hakuna dawa inayouponya ugonjwa huu. Zipo dawa za kundi la bisfosfoneti ambazo huongeza uzito wa madini katika mifupa, na hutumiwa kwa uangalizi wa daktari. Hizo hazirekebishi kasoro ya kolajeni.

Sokoni kuna vidonge vya kalisi, unga wa kolajeni na mafuta ya kupaka yanayotangazwa kwamba hujenga mifupa. Mgonjwa anahitaji kalisi na vitamini D za kutosha, kama mtu mwingine yeyote. Lakini kuongeza saruji hakuweki nondo, na kalisi kupita kiasi huweza kuleta mawe kwenye figo. Kolajeni inayoliwa humeng'enywa tumboni kama protini nyingine za chakula. Haiendi ikiwa nzima kuziba pengo la jeni. Anayetangaza kwamba bidhaa yake inaponya ugonjwa huu, aombwe uthibitisho wa usajili.

Haki zenu na pa kulalamika

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani ndiyo inayoisimamia. Dawa na vifaa tiba huthibitishwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Watoa huduma za tiba asili husajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na madaktari husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Zanzibar ina mamlaka zake.

Mkiwa na shaka, fanyeni mambo manne: ombeni namba ya usajili, dai risiti, tunzeni tangazo au kifungashio, andikeni tarehe na maneno mliyoahidiwa. Lalamiko lenye vitu hivyo hufanyiwa kazi upesi kuliko lalamiko la mdomo. Na mtu akiumia shingo, hospitali itangulie, lalamiko lifuate.

Hitimisho

Ndugu zetu, hatukuja kuwatia hofu. Wengi wenye ugonjwa huu husoma, hufanya kazi, huoa na kuolewa na kulea watoto, na mazoezi yanayofaa, kama kuogelea, huwajenga. Mtoto asifungiwe ndani kwa jina la kumlinda. Tunachoomba ni kwamba kila anayemhudumia aijue hali ya mifupa yake kabla ya kumshika, na kwamba familia zitunze picha, zifuatilie dalili na zisione haya kuuliza maswali zinapotoa fedha zao.

Tarehe 6 Mei ya kila mwaka huadhimishwa duniani kuwa siku ya kuhamasisha uelewa wa ugonjwa huu. Kijitabu hiki kinaweza kusomwa siku hiyo shuleni, kanisani, msikitini au katika kikundi cha akina mama. Kama yuko mwenye ugonjwa huu karibu nanyi, mpelekeeni pia kinyozi wake nakala moja.